Mkopo Usio na Tarehe: Proton ya Malaysia na Masharti ya Kulinda Viwanda Vichanga

Hoja ya kulinda viwanda vichanga ina umri mrefu. Friedrich List aliitetea mwaka 1841 akiitazama Ujerumani iliyokuwa nyuma ya Uingereza: kiwanda kipya hakiwezi kushindana na kilichokomaa, hivyo serikali ikikinge kwa ushuru wa forodha mpaka kiijue kazi. Tangu wakati huo wapo wanaouona ushuru huo kuwa ni uzalendo, na wapo wanaouona kuwa ni kosa la kiuchumi popote unapotumika. Makala haya yanadai kwamba pande zote mbili zinabishania kisicho kiini. Ushuru wa kulinda ni mkopo ambao mnunuzi humkopesha mwenye kiwanda kila anapolipa bei iliyopandishwa. Cha msingi ni masharti ya mkopo huo: unalipwa lini, kwa kipimo gani, na nani ana nguvu ya kuudai? Proton, gari la taifa la Malaysia, ni mfano wa mkopo uliotolewa bila kujibu maswali hayo.

Proton ilianzishwa Mei 1983 kwa msukumo wa Waziri Mkuu Mahathir Mohamad. Shirika la serikali la viwanda vizito, HICOM, lilishika asilimia 70 ya hisa, na kampuni mbili za Mitsubishi zikagawana asilimia 30 zilizobaki. Serikali ilitaka kuutoa uchumi katika utegemezi wa mpira na bati, na papo hapo ilitaka kuwaingiza Bumiputera, yaani Wamalay na wenyeji wengine, katika shughuli za viwanda. Gari la kwanza, Saga, lilitoka katika kiwanda cha Shah Alam mwaka 1985. Nembo ilikuwa mpya, lakini gari lenyewe lilitokana na Mitsubishi Lancer Fiore, na injini yake ilikuwa ya Mitsubishi. Magari kutoka nje yalitozwa ushuru mzito, uliofikia hadi asilimia 300 kwa baadhi ya magari yaliyokamilika, na kuyaagiza kulihitaji kibali maalumu. Chini ya kinga hiyo Proton iliuza zaidi ya nusu ya magari yote mapya nchini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Takwimu hiyo ilitangazwa kama ushindi, ingawa ilipima urefu wa ukuta kuliko ubora wa gari.

Ni kawaida kusema kwamba Proton ilichelewa kujifunza. Ushahidi hauungi mkono kauli hiyo moja kwa moja. Hyundai ya Korea Kusini ilianzishwa mwaka 1967, gari lake la Pony la katikati ya miaka ya 1970 lilitumia injini ya Mitsubishi, na injini ya kwanza iliyobuniwa na Hyundai yenyewe ilitoka mwaka 1991. Proton ilitoa injini yake ya Campro mwaka 2004, miaka 21 baada ya kuanzishwa. Kwa kipimo hicho Wakorea hawakuwa wepesi zaidi. Wala soko lao halikuwa wazi zaidi, kwani magari ya nje yalizuiwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Tofauti ilikuwa mahali pa mtihani. Pony iliuzwa Ecuador mwaka 1976, na mwaka 1986 Hyundai iliuza magari zaidi ya 160,000 Marekani, mbele ya wanunuzi wasiokuwa na deni lolote kwa Korea. Serikali ya Korea nayo ilikuwa kali kwa kampuni ilizozilinda: mwaka 1981 kampuni ya Kia ilikatazwa kutengeneza magari madogo ya abiria, ikaachiwa malori na magari ya biashara kwa miaka kadhaa. Mchumi Alice Amsden alionyesha mwaka 1989 kuwa siri ya Korea ilikuwa kutoa ruzuku kwa sharti la matokeo.

Proton nayo iliuza magari Uingereza tangu mwaka 1989, lakini riziki yake ilibaki nyumbani, na nyumbani mdai hakuwapo. Serikali ilikuwa mwenye hisa, mlinzi na hakimu kwa wakati mmoja. Watengenezaji wa vipuri walichaguliwa pia kwa lengo la kuinua Bumiputera, lengo lenye haki yake, lakini lililofanya iwe vigumu kumwondoa mzembe. Jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia ilipopunguza ushuru baina ya wanachama wake, Malaysia iliomba magari yasubiri hadi mwaka 2005. Na ushuru wa forodha uliposhuka, ushuru wa bidhaa ukapandishwa. Mwaka 2016 kampuni ilihitaji mkopo wa serikali wa ringgit bilioni 1.5, na mwaka 2017 asilimia 49.9 ya hisa zake zikauzwa kwa Geely ya China.

Watetezi watasema kwamba bila Proton Malaysia isingekuwa na wahandisi na wauza vipuri ilio nao. Ni kweli, na faida hiyo haipaswi kubezwa. Lakini ilinunuliwa na familia za kipato cha kati zinazolipia gari kwa mkopo wa hadi miaka 9. Isitoshe, Perodua, kampuni nyingine ya magari ya Malaysia iliyoanzishwa mwaka 1993 kwa ubia na Daihatsu, ilikua chini ya kinga hiyohiyo na kuipita Proton kwa mauzo mwaka 2006. Kinga, basi, haiamui matokeo peke yake. Wapinzani wa ushuru nao huitaja Thailand, isiyo na gari la taifa lakini iliyotengeneza magari zaidi ya milioni 2 mwaka 2013. Wanasahau kwamba Thailand ilipiga marufuku uagizaji wa magari ya abiria kuanzia mwaka 1978 hadi 1991, na ililazimisha matumizi ya vipuri vya ndani hadi mwaka 2000. Kinachothibitishwa na Thailand ni kwamba nembo ya taifa si lazima; kwamba soko huria lilitosha, hapana.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kanuni za Shirika la Biashara Duniani, tangu mwaka 1995, zinakataza kulazimisha matumizi ya vipuri vya ndani, hivyo njia ya Korea imefungwa. Imefungwa kwa sehemu. Ushuru ulio ndani ya viwango ambavyo nchi imeahidi, mafunzo ya mafundi na ununuzi wa serikali bado vinaruhusiwa kwa kiasi kikubwa. Afrika Mashariki, ambako Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yenye umri wa zaidi ya miaka 8 na ushuru wa forodha umekuwa ukitumika kuhimiza uunganishaji wa ndani, haikosi nyenzo za kulinda. Kinachohitajika ni sheria inayotaja, kabla ya ushuru wa kwanza kutozwa, mwaka ambao kinga itakoma, idadi ya magari ya kuuzwa nje, na chombo kisicho na hisa kiwandani chenye mamlaka ya kuiondoa. Bunge lisipoyaona hayo matatu katika muswada, liukatae.