Sensa ya watu na makazi Tanzania

Sensa ya watu na makazi ni kazi ya kuwahesabu watu wote waliomo nchini Tanzania na kuandika habari kadhaa kuhusu kila mmoja wao, kama vile umri, jinsia, elimu na kazi, pamoja na hali ya nyumba wanamoishi. Husimamiwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) kwa kushirikiana na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali ya Zanzibar. Tangu Muungano wa Tanganyika na Zanzibar imefanyika mara 6: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022.

Usiku wa sensa

Ugumu wa sensa ni kwamba watu hawatulii mahali pamoja. Wengine wako safarini, wengine wanazaliwa na wengine wanafariki wakati kazi ikiendelea. Ili mtu asihesabiwe mara mbili wala asirukwe, huchaguliwa usiku mmoja. Mwaka 2022 ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti.

Makarani wa sensa hupita nyumba kwa nyumba kwa siku kadhaa, lakini swali lao ni lilelile: nani alilala hapa usiku ule? Mtoto wa Mwanza aliyekwenda kumtembelea bibi yake Bukoba huhesabiwa Bukoba, hata kama karani alimkuta mama yake Mwanza. Mtoto aliyezaliwa kabla ya saa 6 usiku huhesabiwa. Aliyezaliwa baada ya hapo husubiri sensa ijayo. Wagonjwa waliolazwa, wasafiri, wageni wa hotelini na watu wasio na makazi hufuatwa na makarani usiku huohuo.

Karani huzungumza na mkuu wa kaya, yaani kundi la watu wanaoishi na kula pamoja. Hapo ndipo watu husahauliwa kwa urahisi: mtoto mchanga, mtumishi wa ndani, au mtoto mwenye ulemavu ambaye familia inamficha. Asiyetajwa hayumo katika hesabu inayotumika kupanga madarasa, madawati, chanjo na visima vya eneo lake. Mtoto wa miaka 2 aliyeandikwa mwaka 2022 alikuwa tayari katika hesabu ya watakaoanza darasa la kwanza miaka 4 baadaye.

Kwa sheria, majibu ya mtu ni siri. Dini na kabila haviulizwi. Viliulizwa mara ya mwisho mwaka 1967. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu waligomea sensa wakitaka kipengele cha dini kirudishwe.

Matokeo

Sensa ya 2022 ilitumia vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Matokeo ya mwanzo yalitangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan mjini Dodoma tarehe 31 Oktoba 2022: watu 61,741,120, kati yao 1,889,773 wakiwa Zanzibar. Wanawake walikuwa 31,687,990 na wanaume 30,053,130.

Mwaka 1967 nchi ilikuwa na watu 12,313,469, na mwaka 2012 walikuwa 44,928,923. Kwa hiyo watu walioongezeka kati ya 2012 na 2022 pekee, zaidi ya milioni 16, wanazidi Watanzania wote waliohesabiwa katika sensa ile ya kwanza.