Ufafanuzi: Usalama wa roketi saidizi na vipande vinavyoanguka kutoka angani

Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Tathmini ya awali ya Shirika la Anga za Juu la Kenya ilibaini kuwa ilikuwa pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Tukio hilo liliibua hofu kuhusu usalama wa urushaji wa roketi kwa jumla. Ni vyema kutofautisha hatari mbili.

Ya kwanza ni ya roketi saidizi, zinazokisukuma chombo katika dakika za mwanzo. Zile zinazotumia mafuta yabisi haziwezi kuzimwa zikishawashwa. Tarehe 28 Januari 1986, nchini Marekani, baridi ilidhoofisha vizibo vya mpira katika roketi saidizi ya chombo Challenger, ingawa wahandisi walikuwa wametahadharisha usiku uliotangulia. Gesi ya moto ilivuja, chombo kikasambaratika baada ya sekunde 73 na wanaanga wote 7 wakafariki. Roketi saidizi mbili ziliendelea kuruka bila mwelekeo hadi afisa wa usalama alipozilipua kwa mawimbi ya redio. Maungio yalisanifiwa upya kabla ya safari kurejelewa mwaka 1988.

Hatari hiyo huwahusu zaidi walio chomboni na wakazi wa karibu na kituo cha kurushia. Ndiyo sababu vituo vingi hujengwa pwani, ili mabaki yaanguke baharini.

Hatari ya pili ni ya sehemu zinazofika katika mzingo wa dunia. Hizo zaweza kurudi baada ya miezi au miaka, mbali na zilikorushiwa. Kwa mujibu wa Mkataba wa Dhima wa mwaka 1972, taifa lililorusha chombo huwajibika kwa madhara yanayotokea ardhini, hata pasipo kuthibitishwa uzembe.

Mwananchi anayeona kipande cha aina hiyo hapaswi kukigusa wala kukihamisha, kwa kuwa chaweza kuwa na masalia ya mafuta yenye sumu. Awaweke watoto na mifugo mbali, kisha atoe taarifa kwa chifu au kituo cha polisi kilicho karibu. Kipande kikiachwa mahali pake, huwa pia ushahidi wa kudai fidia.