Swali Liifuate Data, au Data Ilifuate Swali?

Wasomaji wangu, leo tuweke siasa kando tuzungumzie kuchuja data. Msikimbie! Historia hii inatuhusu.

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko California, alipendekeza data zipangwe kwa majedwali, na mtu aseme anachotaka bila kujua kimehifadhiwa wapi. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa kampuni hiyohiyo, wakachapisha lugha ya kuulizia iliyokuja kuitwa SQL. Hapa swali ndilo linaloifuata data: unauliza, hifadhidata inapekua, inajibu, basi.

Kule Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, Charles Forgy alikuwa na tatizo jingine. Kanuni zikiwa mamia na taarifa zinabadilika kidogo kidogo, kwa nini upekue zote upya kila mara? Katika tasnifu yake ya 1979 alieleza njia aliyoiita Rete, neno la Kilatini lenye maana ya wavu. Kanuni zinatandazwa kama wavu, data mpya inapita, na kilichokwisha kunaswa kinakumbukwa. Kasi unaipata, ila unailipia kwa memori.

Kampuni ya kompyuta ya DEC ilionja utamu huo. Kuanzia 1980 ilitumia XCON, programu ya kanuni iliyobuniwa na John McDermott wa chuo hichohicho, kukagua oda za kompyuta za VAX ili mteja asipelekewe mashine isiyokamilika. Ilifanya kazi kweli. Lakini kanuni zilizaana zikawa maelfu, na kuzitunza kukawa kazi isiyokwisha.

Sasa tuchague lipi? Kama data imetulia na swali ni moja, mathalani wateja wa Mwanza wanaodaiwa, SQL inatosha. Injini ya kanuni itakuongezea mzigo tu. Kama kanuni ni nyingi, na jibu la moja linaamsha nyingine, tandaza wavu. Unaweza pia kuviunganisha: hifadhidata ipunguze kwanza, kanuni ziamue baadaye.

Lakini kwangu mimi kasi si hoja kubwa. Chujio huacha watu nje. Aliyenyimwa mkopo na kompyuta ana haki ya kuuliza ni kanuni ipi iliyomkata. Kama hata aliyeiandika programu hawezi kumwonyesha, hapo tumechuja au tumebahatisha?

Mnasemaje?