Hudaybiya: Siku Amri Ilipokosa wa Kuitii

Wanafunzi wangu wengi hudhani kwamba mamlaka ya Mtume Muhammad hayakuwa na utata: aliamuru, wakatii. Mimi huwarudisha Hudaybiya, karibu na Makka, mwaka 628.

Alikuwa amewaongoza Waislamu wapatao 1,400 kwenda kufanya umra. Makuraishi wakawazuia, kisha wakamtuma Suhayl bin Amr kufanya mapatano. Suhayl hakukubali maneno "Mtume wa Mwenyezi Mungu" yaandikwe katika mkataba. Kama Makuraishi wangeliyakiri hayo, ugomvi ungetoka wapi? Likaandikwa "Muhammad bin Abdullah" tu. Vita vikasitishwa kwa miaka 10, na Waislamu wakatakiwa warejee Madina bila kuizuru Kaaba.

Umar bin al-Khattab alihoji waziwazi. Kisha likaja lililo zito zaidi. Mtume aliwaamuru maswahaba wachinje wanyama wao na wanyoe nywele. Kwa mujibu wa Sahih al-Bukhari, alirudia mara tatu, asiinuke hata mmoja. Akaingia kwa mkewe, Umm Salama, naye akamshauri atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake na anyolewe. Akafanya hivyo. Ndipo wote wakainuka.

Habari hii, tena, haikutungwa na mahasimu. Waliyoihifadhi ni Waislamu wenyewe, na ushauri uliookoa siku ile wakauandika kwa jina la mwanamke. Umar naye hakuadhibiwa kwa kuhoji kwake. Mwaka 634 akawa khalifa.