Kudungwa Plazima ya Damu Usoni kwa Wanaume: Hukumu Yake na Tahadhari Zake

SWALI:

Kijana wetu anafanya biashara ya viazi na mchele baina ya Unguja na Nyanda za Juu Kusini, Mbeya na Iringa. Uso umemchakaa kwa jua na baridi ya huko, na ana makovu ya chunusi tangu ujana. Ameshauriwa atolewe damu yake mwenyewe, isafishwe, kisha adungwe usoni ili ngozi irudi upya. Naye anatarajia kuoa. Je, inafaa?

JIBU:

Himdi zote anastahiki Allaah, na Rehma na Amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Swahaba zake. Ama ba'ad.

Ndugu yetu muulizaji, swali lako lina mambo mawili: makovu ya chunusi, na uso uliochakaa. Sindano ni moja lakini hukumu zake ni mbili.

Matibabu yenyewe ni nini

Mtu hutolewa damu kidogo mkononi, kama inavyotolewa kwa vipimo. Damu huwekwa katika mashine inayozunguka kwa kasi, ikajitenga: chembe nyekundu hushuka chini, na juu hubaki maji ya rangi ya manjano yaitwayo plazima. Sehemu yenye chembe sahani nyingi, zile zinazosaidia damu kuganda na kidonda kupona, huchukuliwa na kudungwa usoni, au hupakwa baada ya ngozi kutobolewa kwa sindano ndogo ndogo. Matibabu haya hujulikana kwa herufi PRP.

Manufaa yake yameonekana zaidi kwa makovu ya chunusi, khasa yakichanganywa na matibabu mengine. Kwa mikunjo ya uzee matokeo hutofautiana sana baina ya mtu na mtu, hayadumu, na hutakiwa kurudiwa. Anayeahidi ujana wa kudumu anauza maneno. Tena ngozi nyeusi ina tahadhari yake: kwa baadhi ya watu kila tundu la sindano huacha doa jeusi au kovu linalovimba.

Hukumu yake

Kwanza: kuondoa dhara na kasoro ni halali. 'Arfajah bin As'ad (Radhwiya Allaahu 'anhu) alikatwa pua katika vita vya Kulaab, akaweka ya fedha ikatoa harufu mbaya, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akamwamuru aweke ya dhahabu, ijapokuwa dhahabu imeharamishwa kwa wanaume. Wamepokea Abu Daawuud na At-Tirmidhiy. Makovu ya chunusi, ya moto au ya ajali yanaingia hapa.

Pili: kubadilisha umbile kwa ajili ya uzuri tu kumekatazwa, kama ilivyothibiti katika Hadithi ya Ibn Mas'uud iliyomo katika Al-Bukhaariy na Muslim. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, lilitoa azimio namba 173 kuhusu matibabu ya urembo. Lilijuzisha kurekebisha kasoro zinazotokana na maradhi, moto na ajali, na likakataza kuondoa mikunjo kwa upasuaji au kwa sindano, isipokuwa ikiwa ni hali ya ugonjwa, na kwa sharti la kusalimika na madhara.

Tatu: damu ni najisi katika madhehebu yetu ya Shaafi'iy. Kujitibu kwa kilicho najisi kunaruhusiwa inapokosekana dawa twahara inayofaa, kwa kauli ya tabibu mwaminifu. Basi krimu au vidonge vya daktari vikitosha, sindano hii haina nafasi.

Nne: kuficha umri au maradhi kwa anayeposwa ni udanganyifu. Kijana asiifanye posa kuwa sababu ya sindano. Aende na uso wake na aseme ukweli.

Ama Swaum, sindano ya ngozi isiyo ya lishe haifunguzi, na hilo limo katika azimio namba 93 la Baraza hilo hilo, Jeddah, 1997. Ama wudhuu, kutoka damu usoni hakuutengui kwetu, lakini damu ioshwe kabla ya Swalah. Kwa kuwa madaktari huzuia maji usoni kwa saa kadhaa, apange matibabu mara tu baada ya Swalah. Wakati ukimbana na maji yanamdhuru, aoshe anapoweza na atayammam kwa palipobaki.

Tahadhari kubwa: chombo cha damu

Damu ni yake mwenyewe, basi hatari iko wapi? Iko katika sindano iliyokwishatumika, chupa isiyoandikwa jina, na mashine isiyosafishwa. Mjini Albuquerque, Marekani, saluni isiyo na leseni iliyokuwa ikitoa huduma hii ilifungwa mwaka 2018. Wakaguzi walikuta chupa za damu zisizo na majina, nyengine ndani ya friji pamoja na chakula. Aprili 2024 taasisi ya serikali ya huko ya kudhibiti magonjwa ilieleza kwamba baadhi ya wateja yamkini waliambukizwa Virusi vya Ukimwi hapo hapo. Homa ya ini B na C hupita njia hiyo hiyo.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 4.4 nchini, na mikoa iliyo juu ni Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Hatusemi haya kuwatia aibu ndugu zetu wa huko. Huo ni mtihani, na dawa zipo. Tunasema kwa sababu uzembe wa chombo cha damu una gharama kubwa popote, na huko zaidi. Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizi (Al-Baqarah: 195). Matibabu ya halali yakifanywa mahali pachafu huwa haramu kwa dhara lake.

Afanye nini kijana

Amwone kwanza daktari wa ngozi, kama vile kupitia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, au Mnazi Mmoja akirudi nyumbani. Akishauriwa sindano, aulize usajili wa daktari na kibali cha kituo, aone sindano ikifunguliwa mbele yake, na jina lake likiandikwa kwenye chupa. Amweleze daktari ikiwa ana ugonjwa wa damu, anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au makovu yake huvimba.

Ama uso uliochakaa, sababu yake inajulikana. Miji ya Mbeya na Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na miale ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10 kila mita 1,000. Baridi humdanganya mtu akadhani jua halipo. Kofia pana, mafuta ya kuzuia jua na mafuta ya kulainisha ngozi vinatosha kwa wengi. Na vipele vya kidevuni vinavyotokana na wembe, dawa yake nyepesi ni kufuga ndevu, nayo ni Sunnah.

Wazee, msiwacheke vijana wanaoona haya kwa nyuso zao. Wasikilizeni, muwapeleke kwa daktari kabla hawajajipeleka wenyewe kwa asiye daktari.

Wa Allaahu A'lam.