Harambee Stars: Kumpiga kocha kalamu ni rahisi, bili ndiyo shughuli

Siku ya Jamhuri mwaka 2013, Kenya ikitimiza miaka 50 ya uhuru, Allan Wanga alipachika mabao mawili langoni mwa Sudan ugani Nyayo na Harambee Stars wakatwaa Kombe la CECAFA. Kocha alikuwa Adel Amrouche. Miezi minane baadaye alikuwa ameshamwaga unga. Stars walifungwa 1-0 na Lesotho mjini Maseru, wakatoka sare tasa katika marudiano jijini Nairobi, na safari ya Kombe la Afrika la 2015 ikaishia hapo. Shirikisho la Soka nchini (FKF), enzi hizo likiongozwa na Sam Nyamweya, halikungoja jua lichwe. Kocha na benchi lake lote la kiufundi wakaonyeshwa mlango.

Habari za aina hiyo hushangiliwa sana katika vibanda vya mpira, Kapkatet kama kwingineko. Timu imeshindwa, mtu ametimuliwa, roho zimetulia. Lakini Amrouche alikuwa na mkataba, na mkataba hauishi kwa sababu mashabiki wamekasirika. Alienda FIFA kudai haki yake, kesi ikafika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo nchini Uswisi, na FKF ikaagizwa imlipe zaidi ya shilingi milioni 100. Shirikisho halikuwa na pesa hizo. Kufikia 2020 Kenya ilikuwa hatarini kufungiwa nje ya mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2022 kwa ajili ya deni la mtu aliyefutwa miaka sita nyuma, na serikali ikaanza kubishiwa hodi. Yaani pesa za mlipa kodi, akiwemo mchuma majani chai wa Bureti ambaye hakuulizwa lolote wakati kocha anaajiriwa wala anapofukuzwa. Bobby Williamson wa Scotland, aliyerithi mikoba ya Amrouche na kutemwa 2016, naye alidai fidia yake na akashinda.

Mtindo huu haukuanza na Nyamweya. Mjerumani Reinhard Fabisch aliifikisha Stars fainali ya Michezo ya Afrika ya 1987 hapa nchini, ikalazwa 1-0 na Misri, na bado hadi leo wazee wa soka wanakisimulia kikosi kile. Fabisch aliondoka, akarudi 1997, akaondoka, akarudi tena 2001. Tumezoea kumfukuza mtu na baadaye kwenda kumbembeleza.

Lakini kisa kinachonikera kuliko vyote ni cha Francis Kimanzi. Mwaka 2008 aliifikisha Kenya raundi ya mwisho ya kufuzu Kombe la Dunia la 2010, na Desemba ya mwaka huo tukashika nafasi ya 68 duniani katika orodha ya FIFA, nafasi ambayo hatukuwahi kuifikia kabla ya hapo. Zawadi yake? Mapema 2009 alitimuliwa, akaletwa Mjerumani Antoine Hey. Stars wakamaliza mkiani mwa kundi lililokuwa na Tunisia, Nigeria na Msumbiji, na Hey mwenyewe akaondoka kabla mwaka haujaisha. Kimanzi alirejeshwa Agosti 2019, akatoka sare na Misri kwao Alexandria. Oktoba 2020 aliichapa Zambia 2-1 katika mechi ya kirafiki, na wiki mbili hazikuisha kabla hajaachia ngazi tena. Aliyeitwa kuchukua nafasi yake ni Jacob Mulee, yule Ghost wa Radio Jambo, ambaye 2004 aliipa Kenya ushindi wake wa kwanza katika fainali za Kombe la Afrika kwa kuinyuka Burkina Faso 3-0. Mwaka haukuisha, Mulee naye akapisha.

Mkulima wa huku Bureti hupogoa mchai kila baada ya miaka mitatu au minne, kisha huuacha uchipuke. Makocha wetu hatuwapi muda huo. Amrouche, Williamson, Sébastien Migné aliyetufikisha fainali za 2019 nchini Misri: hakuna aliyepewa hata miaka miwili. Paul Put alinyanyua Kombe la CECAFA Desemba 2017, na Februari iliyofuata alishajiuzulu.

Utaona pia kwamba kocha huja na rais wake wa FKF. Nick Mwendwa alichaguliwa Februari 2016, na mwezi huohuo Williamson akatoka, akaingia Stanley Okumbi, ambaye wengi walilalamika kuwa hajaiva. Engin Firat aliingia chini ya Mwendwa Septemba 2021, mechi yake ya kwanza akapigwa 5-0 na Mali, akavumilia hata marufuku ya FIFA dhidi ya Kenya mwaka 2022, kisha akajiuzulu Desemba 2024 akidai mishahara yake. Mwezi huohuo Hussein Mohammed akachaguliwa, na Machi 2025 akamtambulisha Benni McCarthy wa Afrika Kusini.

  

McCarthy alianza vizuri. Katika CHAN ya Agosti 2025 Kenya iliizima DR Congo, Morocco na Zambia, zote kwa bao 1-0, kabla ya kutolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali. Mwaka 2027 tutaandaa Kombe la Afrika pamoja na Uganda na Tanzania, na matokeo mabaya mawili matatu yatatosha kuzua kelele zilezile. FKF itoe hadharani masharti ya kuvunja mkataba wa kila kocha wa taifa: analipwa nini akifutwa, na fungu hilo linatoka wapi. Na bunge lisitoe hata senti ya fidia kabla ya kuona sahihi ya aliyeamua kumfuta.