Maktaba ya vijenzi vya kiolesura

Maktaba ya vijenzi ni mkusanyiko wa sehemu za ukurasa wa wavuti zilizoandikwa tayari: vitufe, majedwali, visanduku vya kujazia maandishi, menyu, kalenda za kuchagulia tarehe. Mtengenezaji wa programu huzichukua na kuzirekebisha zifae kazi yake, asilazimike kuandika kila kitufe upya. Bootstrap, iliyotolewa na Twitter mwaka 2011, ilichangia sana kueneza desturi hii, na React ya Facebook ikafuata mwaka 2013.

Magharibi mwa Kenya, mfano mzuri wa maktaba hizi unapatikana katika mifumo ya hospitali. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta, kazi iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani. Wagonjwa wa VVU waliohudumiwa na mpango wa afya wa AMPATH, kuanzia Eldoret hadi Kitale na Webuye, walipozidi kuongezeka, mfumo ule mdogo ulielemewa. OpenMRS, mfumo mpya wa rekodi za wagonjwa, ilianzishwa mwaka 2004, ikaanza kutumika Eldoret mwaka 2006. KenyaEMR, mfumo unaotumiwa na Wizara ya Afya, umejengwa juu yake. Toleo la tatu la OpenMRS limeandikwa kwa React, na vijenzi vyake vingi vinatoka Carbon, maktaba huria ya IBM.

Rangi ndiyo rahisi kubadili. Katika OpenMRS rangi kuu huhifadhiwa kwa jina moja, na kurasa zote huliita jina hilo. Ukiweka rangi ya kaunti yako mahali pamoja, vitufe vikuu vinaifuata. Tahadhari ni moja: maandishi ya kawaida yanahitaji kutofautiana na mandhari yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, kipimo cha kimataifa ambacho waliounda Carbon walikizingatia. Anayechagua rangi hafifu kwa sababu inapendeza anamnyima usomaji mtu mwenye macho dhaifu.

Tarehe ina uzito zaidi. Fikiria muuguzi wa Kimilili anayempangia mama siku ya kumrudisha mtoto kwa chanjo. Kalenda ya Carbon, ikiachwa ilivyo, hutanguliza mwezi kama Wamarekani wanavyoandika. Hivyo 04/07 ni Aprili 7 kwa mashine, na kwa muuguzi ni tarehe 4 mwezi wa saba. Mpangilio huo hurekebishwa kwa mstari mmoja wa msimbo, lakini lazima mtu akumbuke kuuandika. OpenMRS ilienda mbali zaidi: ilijitengenezea kijenzi chake cha tarehe, kinachoweza kuonyesha hata kalenda ya Ethiopia. Hapo ndipo ubora wa maktaba hupimwa, kama inakuruhusu kung'oa sehemu moja bila kubomoa nyingine.

Kijana wa Kimilili anayetengeneza tovuti ya sacco au ya duka la pembejeo anakutana na mambo yaleyale. Kisanduku cha nambari ya simu kikubali 07 na 01, na pia +254, kwani wateja huandika kwa namna zote hizo. Achukue vijenzi anavyovitumia tu, kwa maana anayefungua ukurasa kwa simu analipia bando kwa kila kilobaiti. Ukurasa ujaribiwe kwa simu ya bei nafuu, yenye mtandao wa kusuasua, kabla ya kumkabidhi mwenye duka.

Wengi hukosea kwa kuingia ndani ya faili za maktaba na kuzihariri moja kwa moja. Leseni ya Carbon, Apache 2.0, inaruhusu, lakini toleo jipya likisakinishwa mabadiliko hayo hufutika. Marekebisho yakae katika faili za mradi wenyewe, pamoja na maelezo ya kwa nini yalifanywa, ili atakayerithi kazi hiyo ajue pa kushika.